Wale Wachache wa 1991: Barua kwa Ndugu Zangu Nyumbani



Siasa za nyumbani zikipamba moto, sisi tulio ughaibuni hujibiwa vilevile: wengi wameridhika, wewe uliye mbali unataka nini? Jibu langu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kuwauliza wananchi: chama kimoja au vyama vingi? Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema hapo wengi walidhulumiwa. Sikubali hata kidogo. Aliyetaka kubaki CCM, chama pekee wakati ule, hakuzuiwa kubaki. Aliyetaka kutoka ndiye aliyekuwa hana pa kwenda. Nani awe rais ni jambo la kuhesabu kura. Haki ya mtu kukataa bila kukamatwa haipigiwi kura, kwa kuwa pasipo haki hiyo hatuwezi kujua kama kura ya ndiyo imetoka moyoni au imetokana na hofu.

Mtaniambia mwenye njaa hashibi uhuru, tutangulize maendeleo. Hoja hiyo ina uzito, na shule na zahanati zilizojengwa enzi za Ujamaa sizibezi. Lakini tazameni Songea. Wakulima wa Litowa na vijiji jirani walijiunga kwa hiari, wakalima pamoja, wakaendesha shule na kinu chao, wakapanga mambo yao wenyewe. Mwaka 1969 TANU, chama tawala cha wakati ule, iliuvunja umoja wao. Miaka minne baadaye ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Walioweza kujiletea maendeleo walizuiwa, wasiotaka kuhama wakahamishwa, na yote mawili yaliwezekana kwa sababu moja: mwananchi hakuwa na pa kusimama akapinga.

Tume ya Nyalali ililiona hilo. Haikuishia kwenye vyama. Ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ile ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Inaniuma kwamba tunaikumbuka ile asilimia 80 na kuisahau orodha hii. Mnapojadili Katiba mpya, nawasihi muifungue, mkaulize sheria moja baada ya nyingine: imefutwa, imerekebishwa, au ipo palepale?