Boda boda wa Katito hahitaji petroli ghali, anahitaji petroli safi

Nilikuwa Katito juzi, pale njia panda ambapo barabara itokayo Ahero hugawanyika, moja ikienda Sondu na Kisii, nyingine Kendu Bay na Homa Bay. Nikapanda boda boda kuelekea Sondu. Barabara ilipoanza kupanda mlima, injini ikaanza kugonga, sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe.

"Usijali mzee," kijana akaniambia. "Nikipata pesa nitaanza kuweka ile petroli ya bei ya juu. Hii ya kawaida inaniharibia pikipiki."

Nikamuuliza hiyo ya kawaida huinunua wapi. Akajibu kwamba huinunua kwa chupa, kando ya barabara.

Kijana huyu anataka kutibu ugonjwa ambao hana, na ule alio nao hauoni. Nimewasikia vijana wetu wa Likoni na Mtwapa wakisema maneno hayo hayo, kwa hivyo suala hili si la watu wa ziwani peke yao.

Tuanze na oktani yenyewe. Wengi hudhani ni kipimo cha nguvu ya petroli. Sivyo. Ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujiwasha yenyewe kabla ya cheche ya plagi. Pikipiki nyingi za boda boda, hizi za cc 100 hadi 150, hubana hewa na petroli kiasi cha mara tisa hivi. Injini ya namna hiyo haihitaji oktani kubwa. Super ya kawaida, ikiwa safi, inaitosha. Wanaohitaji 95 ni wenye pikipiki za mbio zinazobana mara kumi na moja au zaidi. Na ukiona video ya Marekani inataja 87, usishtuke: wao hupima kwa hesabu tofauti, na 87 yao ni karibu sawa na 91 kwa kipimo kinachotumika huku. Neno la mwisho ni la kitabu kilichokuja na pikipiki yako.

Sasa piga hesabu. Tuseme petroli ya daraja la juu imezidi kwa shilingi 15 kwa lita, nawe unatumia lita nne kwa siku. Hizo ni shilingi 60 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,560. Kwa kijana anayelipa mkopo wa pikipiki, huo ni mzigo. Na injini yake haitamrudishia nguvu yoyote kwa pesa hizo.

Basi mbona injini inagonga? Tufuate safari ya mafuta. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013, petroli yetu yote huja ikiwa tayari imesafishwa. Hushushwa Kipevu, huingia kwenye bomba lililofika Nairobi mwaka 1978 na Kisumu mwaka 1994. Super inayopita humo ni ya kiwango kimoja, iwe itauzwa Nyali au Nyakach. Ikiharibika, mara nyingi huharibika baada ya kutoka bohari, na mchafuzi wa siku zote ni mafuta ya taa.

Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Kiasi kidogo tu ndani ya petroli kinatosha kuifanya injini igonge ikipanda mlima na mzigo. Plagi hujaa masizi, pistoni hupata joto kupita kiasi, na fundi hula faida ya wiki nzima.

Serikali inalijua jambo hili. Septemba 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi yasiwe rahisi kiasi cha kumshawishi mfanyabiashara kuyachanganya na dizeli au petroli. Nia ilikuwa njema, lakini aliyelipa ni mama anayepikia stovu na mtoto anayesomea kibatari. Mwenye hila hulipa tozo na bado hupata faida mradi petroli iko juu. Tukumbuke kwamba Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita.

Kwa maoni yangu, dawa ni ukaguzi. EPRA, mamlaka inayotangaza bei kila tarehe 14, ina mpango wa kutia alama ya kemikali kwenye mafuta ili mchanganyiko ugundulike, na hukagua vituo. Lakini ukaguzi unaoishia kwenye vituo haumfikii anayenunua kwa chupa, naye hununua hivyo kwa sababu kituo kiko mbali au kwa sababu mfukoni ana shilingi hamsini tu. Miji midogo kama Katito inahitaji wakaguzi wanaofika mara kwa mara bila kutangaza, na majina ya wakosaji yabandikwe pale pale steji, watu wayasome.

Kabla hayo hayajafanyika, kila dereva ana kipimo cha bei nafuu. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta, usiitie kwenye tanki. Na vikundi vya boda boda, huku na kwetu Pwani, vikubaliane kununua kituo kimoja wanachokiamini na kudai risiti. Wateja hamsini wanaohama pamoja humtia hofu mwenye kituo.

Tuliposhuka Sondu nilimweleza yule kijana hayo yote. Akacheka. "Kumbe nilikuwa nikiisingizia super bure." Nikamlipa nauli, akazima injini na kufungua tanki kunusa.