MSHAHARA UMEKATWA, NYUMBA I WAPI?

Ndugu wafanyakazi wa Vanga, Jimbo, Jego na Lunga Lunga,

Kila mwisho wa mwezi twaona katika karatasi ya mshahara neno moja: nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na tajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa 300. Kwa mwaka ni 3,600, na pamoja na za tajiri ni 7,200. Fedha hizi ni jasho letu.

Makato yalianza mwaka 2023. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mojawapo kwamba yalimwangukia mfanyakazi wa mshahara peke yake. Tarehe 19 Machi 2024 sheria mpya ikatiwa sahihi, nayo ikawatia hata wasio na mshahara.

Hatusemi nyumba zisijengwe. Wenzetu wa Mombasa waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Januari 1947, na katika vilio vyao ilikuwamo nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema makao bora ni haki ya kila mtu. Tunalolipinga ni hili: anayepata kidogo anachangia, na anayepata kikubwa ndiye anayepunguziwa mzigo.

Tazameni hesabu. Tangu 27 Desemba 2024 fedha ya nyumba huondolewa kwanza, ndipo kodi ya mapato ipigwe. Mwenye shilingi 100,000 hukatwa 1,500 za nyumba. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa kodi asilimia 30, hupunguziwa kodi 450. Mwenye 20,000 hakufika 24,000, pale kodi hiyo ilipokuwa ikianza kuuma. Hana kodi ya kupunguziwa, basi hapati hata ndururu. Kabla ya hapo nafuu ilikuwa asilimia 15 ya mchango, nayo pia ilitolewa katika kodi. Asiye na kodi alitoka mikono mitupu. Je, huu ndio usawa?

Sasa tuitazame Vanga yetu. Bahari iko mlangoni, na maji ya bamvua huingia mjini. Wazee walijenga kwa boriti za mikandaa, udongo na makuti. Leo watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanailinda mikandaa hiyo, na mradi wao wa tangu 2019 huuza hewa safi kwa wageni. Ni kazi njema. Lakini asiyekata boriti hana budi kununua mawe, saruji na mabati, na bei yake tunaijua sote. Mwalimu, muuguzi na kibarua wa hapa hahitaji chumba cha ghorofa mbali na kazi yake. Anahitaji mkopo wa riba ndogo ajenge mahali pa juu, pasipofikiwa na maji. Sheria ya 2024 yenyewe imetaja nyumba nafuu za mashambani. Basi na itimizwe!

Kwa hiyo tunadai:

1. Mfanyakazi asiyelipa kodi ya mapato apewe nafuu yake kwa fedha taslimu, au asikatwe.

2. Mkopo wa kujenga ufike Vanga, na mtu asifungiwe mlango kwa kuwa kiwanja cha babu yake hakina hati.

3. Itangazwe kila mwaka, kwa Kiswahili, ni kiasi gani kimekatwa Kwale na ni nyumba ngapi zimejengwa Kwale.

4. Mafundi na vibarua wa ujenzi watoke hapa, walipwe mshahara wa halali.

Ndugu, tunza karatasi zako za mshahara, usitupe hata moja. Zilete kwa katibu wa tawi, tuzijumlishe pamoja. Anayedai bila hesabu huambiwa ana kelele. Mwenye hesabu mkononi hujibiwa.

UMOJA NI NGUVU!