MTIHANI MMOJA SI KABURI

Siku hizi wimbo darasani ni mmodja tu: "Ukikosa C+, umekwisha!" Wengine huongeza chumvi, ati chuo cha ufundi ni cha walioshindwa na maisha. Mimi napinga, na shahidi wangu ni Paul Crutzen, bingwa wa kemia ya angahewa.

Crutzen alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka wa 1933. Babake alikuwa mhudumu wa mezani, mamake akifanya kazi katika jikoni la hospitali. Mwaka wa 1951 alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari akiwa na homa kali. Alama alizopata hazikutosha kumpatia msaada wa karo ya chuo kikuu. Basi akaingia shule ya ufundi, akasomea ujenzi, kisha akaajiriwa katika ofisi ya madaraja ya jiji. Tena kemia yenyewe haikuwa miongoni mwa masomo aliyoyapenda shuleni!

Baadaye alihamia Uswidi. Huko, mwaka wa 1958, aliona tangazo gazetini. Idara ya hali ya hewa ya chuo kikuu cha Stockholm ilitaka mtu wa kuandika programu za tarakilishi. Hakuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo, lakini aliomba na akaipata. Akawa anafanya kazi huku akisoma papo hapo chuoni. Mwaka wa 1970 alieleza jinsi oksaidi za naitrojeni zinavyopunguza ozoni, ule mwavuli wa angani unaotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka wa 1995 akatuzwa Nobel ya kemia pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland. Aliaga dunia mwaka wa 2021.

Najua wapo watakaoshangilia, "Kumbe tusisome!" La hasha! Homa ilimpunguzia Crutzen alama, lakini kitabu hakukitupa. Aliyetupa kitabu asijifananishe naye.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nina ombi. Kila matokeo yanapotangazwa, wapo wenzetu wanaojifungia nyumbani kwa aibu, kana kwamba wameiba. Siku ya kutushauri kuhusu kazi, tunaletewa madaktari na mawakili peke yao. Mbona asialikwe pia aliyeanza na cheti cha ufundi, akapanda hadi diploma, kisha digrii? Njia hiyo ipo hapa Kenya, ila haitajwi isipokuwa kwa kututisha. Crutzen asingefika popote kama chuo kingemfungia mjenzi wa madaraja mlango.

Wanafunzi wenzangu, tusome kwa bidii, mtihani tuuheshimu, lakini tusiuabudu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.