Bei Si Heshima

Wako washikao kwamba motokaa ya fahari ikiuzwa rahisi huvuliwa heshima yake, na hoja yao ni methali: rahisi huvunja upishi. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 1989 Toyota ilipeleka Marekani Lexus LS 400 kwa dola 35,000, bei iliyokuwa chini sana ya zile za motokaa za Kijerumani za daraja lake. Kasoro zilipoonekana mwezi Desemba, zote zipatazo 8,000 zilizokwisha kuuzwa zilitengenezwa bila malipo. Na mwaka 1991 Lexus ikauza huko motokaa nyingi kuliko Mercedes-Benz au BMW. Mercedes-Benz, iliyozoea kuunda kwanza na kutaja bei baadaye, ikalazimika kuanza na bei ambayo mnunuzi yu radhi kuitoa. Ndivyo ilivyoundwa M-Class ya mwaka 1997, motokaa ya anasa iwezayo njia mbovu. Watetezi wa ughali watazitaja zile za mwanzo, zilizolaumiwa kwa ufundi hafifu. Na wazitaje: hilo ni kosa la mkono uliounda, wala bei kubwa haikazi parafujo hata moja. Kizuri chajiuza, kiburi ndicho kihitajicho kuuzwa ghali.