Baridi tunayo Mbeya, kinachokosekana ni kiwanja

Ikifika Juni utani huwa uleule. Timu ya Dar es Salaam ikipanda kuja Sokoine, mashabiki wa pwani wanasema timu yao inakwenda Ulaya, na mwenyeji wa Mbeya anawauliza wageni kama wamebeba makoti. Iringa nao hawako mbali. Aliyewahi kukaa jukwaani Samora jioni ya Juni anaujua upepo wa pale.

Na kila Olimpiki ya majira ya baridi ikioneshwa kwenye runinga, vijiweni huzuka swali jingine la utani: kama baridi tunayo, mbona ile michezo yao hatuchezi? Ile ya vijana wanaoteremka mlima kwa skii au kwa ubao mmoja, wanapanda tuta, wanajizungusha hewani mara tatu au nne, kisha wanatua kama paka.

Nimeona nilijibu kwa uzito, kwa sababu jibu lake linaigusa soka ya Nyanda za Juu Kusini kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na baridi yenyewe. Baridi yetu ni ya sweta, si ya theluji. Kitulo, kule mpakani mwa Mbeya na Njombe, iko kwenye mita 2,600 hivi, na asubuhi nyingine za Juni na Julai unakuta nyasi zimeganda zikawa nyeupe. Jua likipanda, hadithi imekwisha. Mashine za kutengeneza theluji hunyunyiza maji hewani yagande kabla hayajagusa chini, na zinahitaji baridi ya chini ya sifuri kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku. Kitulo haina baridi hiyo. Tena tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, inalindwa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina 45 za okidi. Mwenye ndoto ya kupeleka greda pale asahau.

Lakini wapo Waafrika waliovuka hatua ya sweta. Lesotho, kwenye milima ya Maluti, kuna kituo kinaitwa Afriski. Mteremko wake unaanzia mita 3,222 na una urefu wa kama kilomita moja. Theluji ya mbinguni pale haitoshi, hivyo wanaongezea ya mashine kuanzia Juni hadi Agosti. Na hawakuishia kwenye mteremko wa kushuka tu. Wametenga eneo la matuta na reli za kutelezea, na wana mashindano yao ya kuruka.

Eneo kama hilo wenyewe huliita snoupaki, nami nitaliita hivyohivyo.

Ukitazama kwenye runinga utadhani ni mlima tu na vijana wasiojali shingo zao. Sivyo. Kila tuta pale limechongwa na mtu. Usiku mitambo yenye minyororo kama ya katapila inapita kuisawazisha theluji. Asubuhi, kabla ya kufungua, vijana wa matunzo wanashuka na masepetu na reki kurudishia kingo zilizolika. Hiyo ni kazi ya kila siku ya msimu, na tuta lisilotengenezwa linafungwa. Hakuna cha "tutaangalia baada ya mechi ya Jumapili".

Halafu kuna ngazi. Snoupaki nzuri ina njia ya wanaoanza, yenye vituta vya kufika magotini na masanduku mapana yaliyo karibu na ardhi. Pembeni yake kuna njia ya kati, na mwisho ile ya wakubwa, ambako mtu anaruka mita 15 au 20 na kuendelea. Mtoto wa miaka saba na bingwa wanapanda lifti moja. Mtoto anamwona bingwa kwa macho yake, na anaweza kuhesabu matuta yaliyobaki kati yao.

Kilichonivutia zaidi ni mahali pa kutua. Anayeruka juu hatakiwi kutua palipo tambarare. Anatua kwenye mteremko, ndiyo maana magoti yake yanasalimika. Wanaoumia vibaya mara nyingi ni waliopungukiwa na kasi wakaangukia mgongo wa tuta, au waliozidisha wakapitiliza mteremko. Kwa hiyo mchongaji anayejua kazi anapiga hesabu ya kutua sambamba na hesabu ya kuruka.

Medali zimetoka humo. Mchezo wa ubao kwenye mfereji mkubwa wa theluji, ambao siku hizi kuta zake zinafika karibu mita saba, uliingia Olimpiki ya Nagano 1998. Ule wa kupita kwenye reli na matuta uliingia Sochi 2014. Italia ilipopewa michezo ya 2026, michezo hii ilipangiwa Livigno, mji wenye snoupaki ya miaka mingi.

Nagano hiyohiyo ilikuwa na jirani yetu. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Eldoret, alipelekwa Finland kujifunza skii za masafa, mchezo wa mapafu, na akashindana kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Habari tamu, lakini itazame vizuri: mapafu yalitoka Bonde la Ufa, kiwanja kilikuwa Finland. Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018 alizaliwa Kenya, akakulia Austria. Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda aliyejulikana kwa ubao wa theluji, aliujulia Marekani alikohamia akiwa na miaka 12. Hakufika Olimpiki, ila alifika mbali kuliko yeyote aliyebaki Kampala, kwa sababu moja tu: alikuta matuta yamechongwa.

Sasa turudi nyumbani.

Kanda hii haijawahi kukosa warukaji. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa nchi 1986, timu kutoka mji ambao Wadar wengi walikuwa hawajui uko upande gani wa ramani. Mbeya City walipanda Ligi Kuu 2013 na msimu wao wa kwanza tu wakamaliza wa tatu, Sokoine ikawa hapaingiliki. Wakashuka 2023, wakarudi 2025. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 kule Lindi, ikafungwa na Azam bao 1-0, na msimu uliofuata ikashuka daraja. Ihefu ya Mbarali ndiyo iliyovunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Leo Ihefu iko wapi? Imehamia Singida na jina limebadilishwa.

Wote hao waliruka juu. Pa kutua hapakuwepo.

Najua kuna watakaoniambia tatizo ni fedha za usajili. Fedha ni tatizo, sibishi. Lakini fedha za usajili zinanunua mchezaji aliyekwisha kutengenezwa kwingine, akiondoka anaondoka na kila kitu. Swali langu ni la chini ya hapo: mtoto wa Mwanjelwa au wa Kihesa akitoka kwenye chandimu anapanda wapi? Kiwanja cha mtaa kikipata mnunuzi kinakuwa nyumba ya wageni. Kinachobaki ni cha shule, kisicho na nyasi wala mtunzaji, na baada ya hapo ni kuruka moja kwa moja hadi Sokoine au Samora, viwanja vya CCM ambavyo leo vina mechi, kesho mkutano, keshokutwa tamasha. Njia ya vituta vya magotini haipo. Tumejenga tuta la wakubwa peke yake, kisha tunashangaa kwa nini vijana wetu wanavunjika wakifika Ligi Kuu.

Kuna jambo jingine ambalo snoupaki inatufundisha, na hapa naomba shabiki wa Mbeya City asinirushie mawe. Mbeya imelala chini ya Loleza. Iringa imekaa kilimani juu ya Ruaha Ndogo. Ardhi tambarare kwenye miji hii ni chache na ni ghali, ndiyo maana kiwanja cha mpira huwa cha kwanza kuliwa. Miteremko tunaiacha iwe makorongo na majalala. Wenzetu wanautazama mteremko huohuo wakaona kiwanja.

Bila theluji inawezekanaje? Waulize Waganda. Mwaka 2006, Kitintale, kitongoji cha Kampala, kijana Jackson Mubiru na wenzake walichanganya zege wakajenga kiwanja cha skeitibodi, ule ubao wa magurudumu. Kilitajwa kuwa cha kwanza Afrika Mashariki. Zege halihitaji mbegu ya nyasi wala kumwagiliwa kiangazi, na mikunjo yake ni ileile ya snoupaki: kituta, reli, ukuta wa kupanda, pa kutua. Skeitibodi nayo ni ndugu wa damu wa ubao wa theluji, na imeingia Olimpiki ya kiangazi tangu Tokyo, kule ambako Tanzania hupeleka timu kila awamu na kurudi mikono mitupu. Medali zetu bado ni zile mbili za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Sijasema Uyole itatoa bingwa wa skeitibodi kesho. Nasema mteremko wa nusu eka usiofaa mpira unaweza kuchezewa na watoto 50 kwa siku, na ile tambarare iliyobaki ikaachiwa soka.

Fedha kubwa za viwanja mwaka huu haziji huku. AFCON 2027 imeipa Arusha uwanja mpya wa watazamaji 30,000, Dar na Zanzibar wana vyao. Sawa, mashindano yanataka hivyo. Ila kiwanja cha kata hakihitaji AFCON. Madiwani wa Mbeya na Iringa hupitisha bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, na kwenye makabrasha hayo fungu la michezo huwa dogo hata halina la kujadiliwa. Fungua ukurasa wa mipango miji. Angalia maeneo ya wazi mangapi bado yameandikwa, halafu panda bodaboda uende ukayahesabu yaliyobaki.