Waraka wa Kufunga Mwaka: Kadi Irudi Mezani

Ndugu wanachama wenzangu,

Mvua za vuli zimelainisha uwanja, karatasi ya majina ya mashindano ya gofu ya kufunga mwaka imeshabandikwa ubaoni, na kama ilivyo desturi yetu kila Desemba, majina ni machache kuliko watu ninaowaona kila Jumamosi wakipiga mipira ya mazoezi. Hilo peke yake lingetosha kuniandikisha waraka. Lakini lipo kubwa zaidi, na kamati ya mashindano imeniomba niliseme bila kuzunguka: kadi za hesabu zinazotoka mezani asubuhi hazirudi zote jioni.

Mambo huenda hivi. Mtu kaanza vizuri. Shimo la tatu mpira umeingia kwenye majani marefu, la tano kamaliza kwa mikwaju tisa, la saba kadi imekunjwa na kutiwa mfukoni. Anaendelea kucheza, anapiga soga, anafika klabuni, na akiulizwa anajibu, “Leo nimeharibu, sirudishi.” Wote tunacheka. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia hesabu tangu asubuhi naye anacheka, ingawa kazi yake ya saa nne imetupwa. Nadhani kicheko hicho kimetugharimu vya kutosha.

Tukumbushane handikapu, yaani mikwaju unayopunguziwa, inavyopatikana. Mfumo wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020 huchukua raundi 20 za mwisho za mchezaji, ukachagua 8 zilizo bora na kupiga wastani wake. Kwa hiyo raundi 12 mbaya zimekwisha kusamehewa kabla hujaomba radhi, na hakuna anayekudai ucheze vizuri kila wiki. Kinachotakiwa ni ziandikwe. Anayeficha kadi mbaya anajitengenezea handikapu ya kujisifia, kisha anashangaa kwa nini haambulii zawadi mwaka mzima. Anayeficha kadi nzuri naye tunamfahamu. Huyo haonekani Machi wala Julai, ila Desemba anatokea na handikapu ya 24, anacheza kama mwenye 15, anabeba friji na kupiga nayo picha. Kwangu mimi huo ni wizi, na sitautafutia jina la upole. Wa kwanza kuujua ni makedi, wabeba mifuko wetu, kwa kuwa wao ndio humwona Jumanne jioni wakati kamati haipo.

Ili aliyeharibu shimo asikunje kadi, Jumamosi, siku ya mashindano, tutacheza kwa pointi za Stableford badala ya kuhesabu mikwaju yote. Wapo waliolalamika kwamba mtindo huu ni wa wachezaji dhaifu. Historia inasema vingine. Dkt. Frank Stableford alikuwa daktari wa upasuaji na mchezaji mzuri tu, na mwaka 1932, katika klabu ya Wallasey nchini Uingereza, aliuingiza mtindo huu kwenye mashindano akiwafikiria watu wanaokata tamaa baada ya kuharibu shimo moja au mawili. Yaani alitufikiria sisi. Baada ya kutoa mikwaju ya handikapu yako, ukimaliza shimo kwa paa yake, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo, unapata pointi 2. Ukizidisha mkwaju mmoja unapata 1, ukipunguza mmoja unapata 3. Ukizidisha miwili au zaidi huna kitu, na huna sababu ya kuendelea kuhangaika pale: okota mpira, nenda shimo linalofuata, anza upya. Mwenye pointi 36 amecheza sawasawa na handikapu yake. Shimo moja bovu, hata liwe bovu namna gani, haliwezi kukunyang’anya zaidi ya pointi zake lenyewe.

Faida nyingine ni muda. Uwanja wetu ni wa mashimo tisa na tunauzunguka mara mbili, hivyo kundi moja likisimama, nyuma yake wanasimama wote. Tangu mwaka 2019 sheria inatoa dakika 3 tu za kutafuta mpira, si 5 kama zamani, na wapo wazee wetu wenye saa nzuri kabisa mikononi ambao bado wanaishi na zile 5. Mvua imeacha tope kwenye mabonde: mpira uliojizamisha kwenye alama yake wenyewe utaondolewa bila adhabu, isipokuwa ndani ya bunka ya mchanga au eneo la adhabu. Kipande cha nyasi ulichokichimba kirudishe mahali pake, na bunka ipigwe reki. Haya mnayajua.

Wanachama wapya, najua kwa nini majina yenu hayapo ubaoni. Mnaona aibu. Mnadhani mashindano ya mwisho wa mwaka ni ya akina Mzee wa handikapu moja na kwamba mtawachelewesha watu. Jibu langu ni kwamba handikapu hupanda hadi 54, na iliwekwa juu hivyo kwa makusudi ili hata aliyeanza juzi ashindane kwa haki. Kinachohitajika kuipata ya kwanza ni kadi zinazofikisha mashimo 54, yaani raundi tatu kamili, au za mashimo tisatisa ukizijumlisha. Aliyejiunga Septemba angekuwa nayo tayari kama zile kadi zake za mfukoni zingefika mezani. Asiye nayo aje Jumatano jioni, tutamtafutia mwenza wa kumwandikia.

Nasema hivyohivyo kwa dada zetu, ambao mara nyingi huja, wakacheza tisa, wakaondoka kimya. Gofu ya wanawake nchini Tanzania haikujengwa na watu waliokaa kando. Madina Iddi wa Arusha tunamsoma magazetini na tunajivunia makombe yake. Na familia ya marehemu Lina Nkya, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, ilipotaka kumuenzi ilianzisha mashindano ya Lina PG Tour, yanayozunguka viwanja mbalimbali nchini na kuwakutanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Ni kumbukumbu iliyo hai kuliko sanamu yoyote. Safari hii kamati imetenga zawadi za wanawake zinazolingana na za wanaume, siyo zile seti za vikombe vya chai tulizozoea kuwapa, na itakuwa aibu yetu sote zikikosa wa kuzipokea.

Sasa Jumapili. Hiyo si siku yetu. Ni siku ya makedi na wafanyakazi wa uwanja: wao watacheza, sisi tutabeba mifuko. Walioshiriki mwaka jana watakumbuka yule mwanachama mwenye kampuni yake mjini, aliyejitwisha mfuko wa fimbo 14 kwa mbwembwe nyingi kwenye shimo la kwanza, na kufika la nne akauliza kama inaruhusiwa kutumia kigari. Aliambiwa hairuhusiwi. Kwenye grini ya sita kijana wake alichuchumaa nyuma ya mpira, akalitazama shimo kwa muda, akageuka na kumuuliza kwa adabu zote, “Bosi, unaonaje?” Bosi akasema upige kushoto kidogo, nje ya kikombe. Kijana akaitikia, akashukuru, akapiga kulia. Ukaingia. Hakuna aliyesema neno mpaka yule bosi mwenyewe alipoangua kicheko, na tangu siku ile naambiwa hajawahi kubishana naye kwenye grini.

Ndiyo sababu Jumapili hii naithamini kuliko kombe lenyewe. Wachezaji wengi wazuri wa kulipwa katika Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko, wakijifunza kwa fimbo za kuazima jua likizama. Wetu nao wapo, na wawili watatu kati yao wangetushinda sote kama tungewapa nafasi ya kucheza zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wenye fimbo zilizokaa stoo tangu mlipopata mpya, hamzihitaji. Zileteni. Glavu nzima, viatu vinavyovaliwa, mipira isiyopasuka. Takataka bakini nazo.

Kapu la makedi litakusanywa kama kawaida: mchele, unga, sukari, mafuta ya kula, na madaftari, maana Januari inakuja na sare na mahitaji ya shule. Ila naomba tusichanganye mambo. Kapu ni zawadi, ujira ni haki. Ujira wa kedi ulipwe uwanjani, mkononi, kabla mtu hajaagiza soda yake ya kwanza. Katibu anayo malalamiko ya makedi walioambiwa “tutaonana wiki ijayo” kisha wakamtazama mwenye deni lao akiwanunulia meza nzima vinywaji. Majina hatutayasoma hadharani, lakini mwenye deni hatapangwa kundi lolote Jumamosi mpaka alipe.

Sherehe ya zawadi itafanyika Jumapili saa kumi jioni, kwenye nyasi mbele ya klabu. Kutakuwa na nyama choma, ndizi za kuchoma, kachumbari na vinywaji kwa wanaokunywa na wasiokunywa. Leteni wake, waume na watoto, na waketi nasi badala ya kusubiri garini wakipiga honi. Kuna tabia ya mtu kujua kwamba hana zawadi, akala, akaaga. Matokeo yake mshindi wa divisheni C, ambaye pengine hajawahi kushinda kitu maishani, anapokea kombe mbele ya wahudumu na viti vitupu. Kaeni mumpigie makofi. Kwa upande wetu, nahodha ameahidi hotuba isiyozidi dakika tano, na mdhamini ameombwa vivyo hivyo. Namwamini nahodha.

Najua pia kwamba wengi mna safari. Wachaga lazima wakahesabiwe kwao Krismasi, wa Bukoba na Mbeya nao wana mabasi yao, na tiketi za wiki ile hazipatikani kirahisi. Tumeupanga mchezo wiki moja kabla ya msongamano kwa ajili hiyo, na anayelazimika kuondoka mapema aniambie tumweke kundi la kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Atamaliza kabla jua halijachoma, akabidhi kadi yake ikiwa imesainiwa na yeye pamoja na mwandikaji wake, aende zake kwa amani.

Jina lako liwe ubaoni kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni, pamoja na handikapu yako ya kweli. Ada ya kushiriki ilipwe kwa mhasibu. Na Jumamosi, uwe umepata pointi 40 au 11, kadi iletwe mezani.

Wenu,
Katibu wa Mashindano