Rais Akijiuzulu, Bandari Inabaki na Nani?

Kila redio ikitangaza kiongozi wa Somalia amejiuzulu, hapa kambini watu hufunga mizigo kwa maneno. Ati sasa nchi itatulia. Jamani, tusidanganyane.

Rais Abdullahi Yusuf alijiuzulu tarehe 29 Disemba 2008. Bunge lilimkatalia kumfukuza waziri mkuu, na nchi jirani zikamkazia kwa vikwazo. Januari majeshi ya Ethiopia yakaondoka, na Sheikh Sharif akachaguliwa, tena huko Djibouti. Juni 2011 waziri mkuu Farmaajo naye akatoka, siku 10 tu baada ya wakubwa kutia sahihi Kampala. Watu waliandamana Mogadishu, wasisikizwe.

Na Kismayu je? Al-Shabaab waliishika Agosti 2008, wakakaa hadi 2012. Huku juu viti vilibadilishwa watu, kule bandarini makaa yalipakiwa yaleyale kwenda Ghuba, na ushuru uliingia mifuko ileile. Mvuvi wa Chula au Koyama alipata nini?

Nyinyi wa mashirika, mkituuliza tutarudi lini, msitutajie jina la rais mpya. Tuambieni nani anakusanya ushuru, na nani analinda visiwa.

Na sisi Wabajuni tuache kushangilia. Katika mgao wa 4.5, koo kubwa nne zina fungu zima kila moja, sisi na wadogo wenzetu twagombania nusu. Akiondoka rais, nusu inabaki nusu. Hiyo ndiyo ya kupigiwa kelele.